Maji ya kunywa Goma: maswali yanayoulizwa kila siku kwenye robine

Maji ya robine yetu (bomba la kuchotea maji) yanatoka wapi?

Yanatoka ziwani. Goma haina mto hata mmoja. Mji umekaa juu ya mawe ya volkano, mvua ikinyesha maji yanazama kwenye nyufa na kwenda chini sana, mahali ambapo jembe na sululu haviwezi kuyafuata. Ndiyo maana karibu kila kitu kinategemea Ziwa Kivu. REGIDESO, kampuni ya maji ya Serikali iliyoanzishwa mwaka 1939 wakati wa Wabelgiji, inavuta maji ziwani kwa pampu, inayatia klorini, dawa ya kuua vijidudu, inayapandisha kwenye matangi yaliyo mahali pa juu, kisha yanateremka kwenye mabomba hadi mitaani. Kuna pia mitandao midogo ya watu binafsi na ya mashirika, nayo inakunywa kwenye ziwa hilohilo.

Mji unapanda kadiri unavyoenda kaskazini, kuelekea mlima wa volkano wa Nyiragongo. Kwa hiyo mtu wa Himbi, karibu na ziwa, na mtu wa Majengo hawapati presha moja. Mkikuta robine ya juu imekauka na ya chini inatiririka, msidhani ni ubaguzi. Pampu inapigana na mlima.

Je, naweza kuyanywa yanavyotoka?

Yakiwa na klorini ya kutosha wakati yanatoka, ndiyo. Yasipokuwa nayo, hapana. Jibu hili linawaudhi watu kwa sababu wanataka ndiyo au hapana ya moja kwa moja, lakini maji ya Goma hayana hali moja. Asubuhi yanaweza kuwa mazuri, jioni yasiwe. Robine moja inaweza kuwa salama, ya mtaa wa pili isiwe, kwa sababu bomba la huko limepasuka na limepita kando ya shimo la choo.

Kipimo kinachotumika duniani kote ni klorini inayobaki ndani ya maji baada ya kuua vijidudu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita pale mtu anapochota, na 0.5 baada ya nusu saa ya kusubiri pale klorini inapotiwa. Kijidudu cha kinyesi kinachoitwa E. coli hakitakiwi kuonekana hata kimoja katika mililita 100. Kipimo cha E. coli kinahitaji maabara na siku nzima ya kusubiri. Kipimo cha klorini kinahitaji kidonge kidogo cha DPD na dakika moja: maji yakigeuka rangi ya waridi klorini ipo, yakibaki meupe haipo. Kama kamati ya maji ya mtaa wenu ina pesa ya kununua kitu kimoja tu, nunueni hicho.

Kwa nini siku nyingine yananuka klorini sana, siku nyingine hayanuki kabisa?

Hapa panahitaji maelezo marefu kidogo, na ni pahali ambapo ziwa letu lina tabia yake.

Maji ya Ziwa Kivu yana alkali. pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, juu juu iko karibu na 9, wakati maji mengi ya mito yako kwenye 7. Klorini ikiingia majini inajigawa sehemu mbili: moja inaua vijidudu haraka, nyingine ni mvivu. Kwenye pH 7, karibu robo tatu ya klorini ni ile yenye nguvu. Kwenye pH 9 inabaki asilimia 3 au 4 tu. Fundi anayetibu maji ya Goma kwa kipimo alichofundishwa penye maji ya mto anajidanganya: kipimo cha OMS cha 0.5 kwa nusu saa kimeandikwa kwa maji yenye pH chini ya 8. Huku kwetu lazima atie zaidi, au ayape muda mrefu zaidi kwenye tangi, au vyote viwili.

Ndiyo sababu mtu anayekaa karibu na kituo cha kutibia anaweza kusikia harufu kali, na mtu wa mwisho wa bomba asisikie kitu. Njiani klorini inaliwa na uchafu uliogandamana kwenye mabomba ya zamani. Muda nao unaila. Na maji yakilala siku mbili kwenye bomba kwa sababu hakuna umeme, klorini inakwisha kimyakimya.

Harufu ndogo ya klorini ni habari njema. Mimi robine isiyonuka kabisa ndiyo inanitia wasiwasi.

Wanasema klorini inaleta kansa, na wanawake hawazai tena. Ni kweli?

Uvumi wa kutozaa hauna msingi wowote. Unarudi kila mara kolera (kipindupindu) inapotokea na watu wa afya wanapokuja na ndoo zao, na umeua watu.

Kuhusu kansa kuna kaukweli kadogo ndani ya uongo mkubwa. Klorini ikikutana na majani yaliyooza na uchafu wa aina hiyo majini inatengeneza mabaki ya kikemikali, na nchi tajiri zinayapima na kuyawekea mipaka, kwa sababu mtu akiyanywa kwa wingi miaka mingi yanaweza kuwa na madhara. Lakini OMS yenyewe inasema wazi kwamba hofu hiyo isifanye mtu apunguze kuua vijidudu. Klorini yenyewe inaruhusiwa kufika miligramu 5 kwa lita, mara kumi ya ile tunayoitafuta. Kati ya hatari inayoweza kuonekana baada ya miaka arobaini na kolera inayoweza kummaliza mtoto kabla ya kesho asubuhi, sioni mashindano.

Kama harufu inakusumbua, acha maji kwenye chombo chenye mfuniko uliolegezwa kwa saa chache. Itapungua.

Maji ya ziwa ni meupe kabisa, unaona mawe chini. Babu zetu waliyanywa. Tatizo ni nini?

Tatizo ni kwamba weupe unaonyesha hakuna udongo, basi. Kijidudu hakionekani. Tena kijidudu cha kolera kinapenda maji yenye alkali na chumvi kidogo, na maji ya Kivu yana vyote viwili.

Babu zetu walikuwa wachache. Leo Goma ni mji mkubwa sana usio na mifereji ya maji machafu. Kuchimba choo kwenye jiwe la lava ni kazi ya nyundo na pesa, kwa hiyo vyoo vingi ni vifupi, vinajaa haraka, na mvua kubwa inaosha kila kitu kwenda chini. Chini ni ziwani. Pale Kituku, ukingoni mwa ziwa, utaona mitumbwi inapakua mizigo, mama anaosha masufuria, kijana anaosha pikipiki, watoto wanaoga, na mtu wa bidoni (dumu la plastiki) anachota katikati yao wote. Pampu za kituo cha maji angalau zinachota mbali na ukingo. Bidoni inachota pale pale ukingoni, ambapo uchafu ni mwingi kuliko mahali pote.

Na kama kuna mtu anayedhani tunatia chumvi, akumbuke Julai 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia hapa kwa siku chache, wakakaa juu ya lava bila vyoo na bila maji mengine zaidi ya ziwa. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi kwa kolera, kisha kwa kuhara damu. Ziwa lilikuwa jeupe vilevile.

Gesi iliyo ndani ya ziwa inaingia kwenye maji ya kunywa?

Hapana. Ile kaboni dayoksaidi na metani zimefungwa chini sana, hasa kuanzia mita 260 kwenda chini, na ziwa lina kina cha karibu mita 485. Maji tunayovuta ni ya juu. Gesi ni suala la wanavolkano na la wale wanaotengeneza umeme, kama kiwanda cha KivuWatt upande wa Rwanda.

Vijana wanaotia klorini kwenye bidoni kwa sindano pale ukingoni, wanafanya kitu au ni maonyesho?

Wanafanya kitu kikubwa, kama wamefunzwa. Wanachanganya unga wa klorini kupata maji makali ya asilimia 1, kisha kwa sindano wanatia kiasi fulani kwenye bidoni ya lita 20. Mililita 4, kwa mfano, zinatoa miligramu 2 kwa kila lita. Kiasi hicho hakitakiwi kukaririwa: kinatafutwa kwa kujaribu kwenye ndoo kadhaa asubuhi, kwa sababu maji ya baada ya mvua yanakula klorini zaidi. Ukiona kituo ambacho hakibadilishi kipimo msimu mzima, uliza.

Kosa la wachotaji ni kuondoka na kumimina kikombe palepale. Ngoja nusu saa, na kwa maji yetu ya alkali ningengoja saa nzima. Muda wa kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, hadi nyumbani mara nyingi unatosha.

Maji yamekatika siku nne, leo yamerudi yakiwa ya kahawia. Nifanye nini?

Usiyanywe, usiyapikie, hata kama yanang'aa baada ya dakika moja. Acha robine itiririke mpaka yawe meupe kabisa, na yale ya kwanza yatumie kusafishia choo au kumwagilia. Rangi yenyewe ni kutu na matope tu, na kutu haimuui mtu. Hatari ni kitu kingine kilichoingia nayo.

Bomba lililojaa maji yenye presha linavuja kwenda nje. Presha ikiisha, bomba linavuta. Kila tundu, kila kiungo kilicholegea, kila mpira uliounganishwa kwa siri usiku unakuwa mdomo unaonyonya maji ya kwenye matope na mtaro. Pampu ikirudi, mchanganyiko huo ndio unaosukumwa mbele. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia kuu ya uchafu katika mabomba ya Goma, na inatokana na kukatika kwa maji kuliko na ubaya wa maji yenyewe. Mtandao wenye maji ya ovyo ovyo saa 24 unaweza kuwa salama kuliko mtandao wenye maji mazuri saa tatu kwa siku.

Kwa siku mbili tatu baada ya maji kurudi, tibu kila kitu cha kunywa nyumbani.

Na yakikatika kabisa, kama wakati wa volkano au wa vita?

Tumeyaona yote mawili. Tarehe 22 Mei 2021 lava ya Nyiragongo ilishuka na kuharibu tangi kubwa na mabomba, na watu karibu nusu milioni wakabaki bila maji. Mwishoni mwa Januari 2025 umeme ulikatika wakati wa mapigano, pampu zikasimama, na watu wakarudi ziwani na bidoni zao.

Siku kama hizo weka maji ya kunywa mbali na maji mengine. Mtu anahitaji lita mbili tatu za kunywa kwa siku, na hizo ndizo zitibiwe kwanza kwa klorini au moto wote ulio nao. Maji ya kufulia yanaweza kuwa ya ziwa moja kwa moja. Na mikono ioshwe hata kama maji ni machache, kwa sabuni, kabla ya kula na baada ya choo. Tenganisha bidoni kwa alama ya rangi ili mtoto asikosee.

Bidoni yangu ni safi, naosha kila mara. Kuna shida?

Hebu ingiza tochi ndani yake.

Swali hili lingepaswa kuwa la kwanza. Maji mengi yanayoleta ugonjwa katika nyumba za Goma yalikuwa mazuri yalipotoka robineni, yakaharibika kati ya robine na kikombe. Bidoni ya manjano iliyokuwa na mafuta ya kupikia ina pembe ambazo mkono haufiki. Ndani yake inaota utando wa kijani unaoteleza, na utando huo unakula klorini yote ndani ya saa chache. Mfuniko umepotea zamani, umebadilishwa na kipande cha sashe (mfuko mdogo wa plastiki wa maji) kilichookotwa njiani. Bidoni imebebwa juu ya chukudu, imewekwa chini sokoni, mdomo wake umeshikwa na mikono kumi. Nyumbani inamiminwa kwenye ndoo iliyo wazi, na kila mtu anachovya kikombe pamoja na vidole.

Kuosha kwa kutikisa maji hakutoshi. Tia kokoto ndogo safi au mchanga mkavu wa kukwaruza, sabuni na maji nusu, tikisa kwa nguvu mpaka mikono ichoke, mwaga, suuza. Kisha tia maji yenye javeli (maji ya klorini ya dukani) kidogo, acha nusu saa, mwaga. Fanya hivyo kila wiki. Bidoni iliyowahi kubeba petroli, dawa ya mashamba au rangi usiitumie kwa maji hata ukiiosha mwaka mzima, maana plastiki inanywa vitu hivyo na kuvirudisha polepole. Chombo cha kunywea nyumbani kiwe na robine ndogo chini na mfuniko juu. Kama huna, mimina maji kwa kukiinamisha, usichovye kitu. Maji yaliyotiwa klorini yanywewe ndani ya siku moja.

Wauzaji wa maji wa chukudu na pikipiki wanalaumiwa sana, wakati mwingine kwa haki. Lakini waulizeni wateja wao mara ngapi waliomba kuona ndani ya bidoni kabla ya kulipa.

Maji ya mvua je? Yanatoka mbinguni.

Yanatoka mbinguni, yanapita kwenye moshi wa volkano, yanaanguka kwenye bati. Nyiragongo na Nyamulagira zinatoa gesi zenye asidi, na upepo mara nyingi unazipeleka upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake. Mvua inayopita ndani ya moshi huo inakuwa chachu. Inatafuna bati, misumari na viungo vya mabomba, na inabeba fluoraidi. Wakati wa mlipuko inabeba pia majivu.

Mvua ya siku ambazo hewa ni safi, juu ya bati zuri lisilo na rangi ya zamani wala kinyesi cha ndege, ni maji mazuri ukiyatia klorini. Mwaga mvua ya dakika kumi za kwanza, hasa baada ya kiangazi. Ukiona majivu, au mvua inachoma macho, usiikinge.

Watoto wa jamaa zangu upande wa Sake wana meno yenye madoa ya kahawia. Ni uchafu?

Hiyo ni fluoraidi, na kupiga mswaki hakutaiondoa. Udongo na mawe ya volkano vinaitoa, moshi pia unaileta, na maji ya kwenye miteremko ya volkano zetu mara nyingi yanapita kikomo cha OMS, ambacho ni miligramu 1.5 kwa lita. Kidogo inasaidia meno. Ikizidi wakati meno ya mtoto yanajengeka, kabla ya miaka 8 hivi, inayaacha na mistari myeupe, kisha madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi inakaza mifupa na viungo.

Hapa watu wengi wanakosea vibaya: kuchemsha kunaongeza fluoraidi. Mvuke unaondoka, fluoraidi inabaki katika maji machache zaidi. Klorini haiigusi, kitambaa hakiichuji, jua haliibadilishi. Kinachosaidia ni chujio maalumu la makaa ya mifupa au alumina, au kubadilisha chanzo cha maji ya kunywa ya watoto wadogo. Kama familia haiwezi kununua maji ya wote, iwape wadogo kwanza. Meno ya mtu mzima yameshajengeka.

Kuchemsha kunatosha kwa vijidudu? Nasikia hapa juu maji hayapati moto wa kutosha.

Kunatosha. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi badala ya 100. Vijidudu vya kolera, tifo na kuhara damu vinakufa kabla ya kufika hapo. Yaache yatokote vizuri kwa dakika moja, yafunike, yapoe kwenye sufuria ileile. Yasihamishiwe kwenye bidoni chafu.

Ila makala, yaani makaa ya kupikia, ni ghali, na mengi yanatoka kwenye miti ya hifadhi ya Virunga. Kwa familia ya watu wanane, klorini ni nafuu zaidi kila siku. Weka moto kwa maji ya mtoto mchanga na ya mgonjwa.

Javeli ya dukani: matone mangapi?

Soma chupa kwanza. Isiwe na manukato wala sabuni, na isiwe imekaa juani dukani tangu mwaka jana, maana nguvu inapotea. Kama imeandikwa 5%, tia matone 2 kwa lita, yaani mililita 2 kwa bidoni ya lita 20. Chupa nyingi zinazofuata mtindo wa Kifaransa zinaandika digrii: digrii 8 ni karibu asilimia 2.5, kwa hiyo hapo unatia mara mbili, mililita 4. Sindano ya farmasi iliyotolewa ncha inapima vizuri kuliko kijiko. Changanya, funika, ngoja. Baada ya nusu saa yanuke klorini kidogo. Yasiponuka, rudia kipimo kilekile na ungoje tena. Maji yenye matope yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne.

Vidonge ni rahisi zaidi kwa sababu havikuombi hesabu: cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji meupe. Watu wanakikata vipande ili kiende mbali. Msikikate.

Na javeli isichanganywe kamwe na dawa ya choo au siki. Inatoa gesi inayochoma mapafu.

Chupa juani?

Inafanya kazi: chupa ya plastiki inayopitisha mwanga ya lita moja au mbili, maji meupe, saa 6 za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu. Goma ina mawingu mengi. Ni njia ya mtu mmoja, haitoshi nyumba.

Maji ya sashe na ya chupa ni salama zaidi?

Mengine ndiyo, mengine ni maji ya robine yaliyofungwa. Angalia jina la mtengenezaji, tarehe, na kama mshono wa sashe ni mzima. Sashe inafunguliwa kwa meno, kwa hiyo uchafu wa nje unaingia mdomoni: ioshe.

Risasi, zebaki, metali nzito?

Katika mji huu ziko chini kwenye orodha ya wasiwasi wangu. Risasi inaweza kutoka kwenye robine za bei rahisi na viungo vya shaba nyeupe, hasa maji yakilala usiku ndani yake. Kikomo ni mikrogramu 10 kwa lita. Acha robine itiririke kidogo asubuhi kabla ya kujaza ya kunywa. Nitrati kutoka vyooni, yenye kikomo cha miligramu 50 kwa lita, ni hatari hasa kwa mtoto wa chini ya miezi 6 anayetengenezewa maziwa ya unga, na kuchemsha hakuiondoi.

Ladha ya chumvichumvi ya maji ya ziwa ni madini tu.

Nani anawajibika tukipata maji mabaya?

Katiba, ibara ya 48, inasema kila Mkongomani ana haki ya maji ya kunywa na umeme. Sheria namba 15/026 ya tarehe 31 Desemba 2015 ndiyo inayopanga mambo ya maji: ilifungua mlango kwa watoa huduma wengine mbali na REGIDESO, na ikaipa mikoa na manispaa kazi ya huduma hiyo. Kwenye karatasi, basi, una mlango wa kubisha. Ukibisha, nenda na kitu mkononi: robine ipi, siku na saa, rangi, harufu, na kama mnacho kipimo, namba ya klorini. Barua ya avenyu nzima yenye namba za wiki mbili inasomwa. Kelele za mtu mmoja zinasikilizwa kisha anatengewa kiti asubiri.

Mtu nyumbani ameanza kuharisha maji meupe kama ya mchele. Nianze na nini?

Mpeleke kituo cha afya sasa hivi, hata usiku. Kolera inamkausha mtu kwa saa chache. Njiani na wakati unatafuta pikipiki, mpe maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyo sawa na mdomo wa kijiko, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogokidogo bila kuacha, hata akitapika: ngoja dakika kumi, endelea. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Usizidishe chumvi kwa kudhani itasaidia zaidi.

Nguo na kitanda chake vioshwe kwa maji ya javeli kali, mbali na ziwa na mbali na robine ya mtaa. Waambie pia majirani mnaochota pamoja. Wengine wanaficha kwa aibu, na wiki inayofuata kuna wagonjwa watano kwenye avenyu hiyohiyo.